'Punguza spidi': Neno moja linavyounguza visu katika ukerezaji wa titani

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Vijana wengi wa leo hawakijui kitenzi hicho 'sana', yaani kufua chuma. 'Sana' wanayoijua ni ile ya 'asante sana' tu. Hata hivyo, methali hii inatukumbusha jambo ambalo sisi wanaisimu tumelipuuza kwa muda mrefu. Kiswahili kilikuwa na msamiati wa chuma zamani sana kabla hakijawa na msamiati wa bunge, benki au kompyuta. Mhunzi alikuwa na fuawe, mvukuto, koleo na tupa. Alitofautisha chuma cha kawaida na pua, na ile pua bora ya kutengenezea panga akaiita feleji. Jirani zetu Wamaasai nao wana jina mahususi la jamii ya wahunzi waliowafulia mikuki na panga: Ilkunono. Ufuaji, kwa hiyo, si ujuzi wa kigeni Afrika Mashariki, na wala lugha zetu hazikuwa bubu mbele ya moto.

Swali la leo ni hili: je, msamiati huo umekifuata chuma kila kilikokwenda? Maana chuma kimesafiri. Kimetoka kwenye fuawe kikafika kwenye mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi wetu huiita ledhi na ambayo kamusi huiita kerezo. Na kutoka kwenye chuma tumefika kwenye metali zilizo kaidi zaidi, mojawapo ikiwa titani. Katika makala haya nitaeleza namna titani inavyokerezwa katika hali mbalimbali za ukataji, kisha nionyeshe kwamba neno moja tu lisilo wazi, 'spidi', laweza kumfanya fundi aharibu kisu, kazi na mshahara wake.

Titani na sisi

Msomaji aweza kuuliza: titani inatuhusu nini sisi wa Kajiado? Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Katika Kaunti ya Kwale, kampuni ya Base Titanium ilianza kuzalisha madini mwishoni mwa mwaka 2013, na shehena ya kwanza ikaondoka kwa meli kupitia Likoni mapema mwaka 2014. Madini hayo yalikuwa ilmenaiti, rutaili na zikoni, na mawili ya kwanza ndiyo yenye titani. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, tulisafirisha mchanga wenye titani kwenda ng'ambo bila kuyeyusha hata kijiko kimoja cha metali yenyewe. Duniani kote, zaidi ya asilimia 90 ya madini haya huishia kuwa unga mweupe wa kutia rangi kwenye rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Sehemu ndogo tu hugeuzwa metali.

Sehemu hiyo ndogo, ingawa ni ndogo, hurudi kwetu kwa njia nyingine. Ndege aina ya Boeing 787, ambazo shirika letu la Kenya Airways lilianza kuzitumia mwaka 2014, zina titani takriban asilimia 15 ya uzito wake. Baadhi ya vyuma wanavyotiwa majeruhi wa ajali za bodaboda ili kuunga mifupa ni vya titani, kwa kuwa mwili wa binadamu huivumilia na haishiki kutu. Hapa nimeandika 'vyuma' kwa makusudi, maana ndivyo tusemavyo hospitalini. Kwa hakika titani si chuma. Neno 'chuma' katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mitatu: elementi ile inayoshika kutu, pua inayotokana nayo, na metali yoyote ngumu. Sumaku haiivuti titani, nayo ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma chenye ukubwa uleule. Titani ni metali, na chuma ni metali mojawapo. Tukilikosea hilo mwanzoni, tutaikereza titani kama chuma, na hapo ndipo balaa huanza.

Kwa nini titani ni kaidi?

Aloi ya titani inayotumika zaidi ina alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Aloi, kwa wasiokumbuka somo la kemia, ni mchanganyiko wa metali moja na vitu vingine ili kuipa sifa ambayo haikuwa nayo. Mtu akiambiwa titani ni ngumu kukerezwa, hudhani ni kwa sababu ya ugumu kama wa jiwe. La hasha. Ziko aina za pua zilizo ngumu kuliko titani na bado hukerezwa kwa urahisi zaidi. Ukaidi wa titani una sababu nyingine, nazo ni nne.

Ya kwanza ni joto. Kisu kinapokata metali, joto kali huzalishwa pale makali yanapogusana na kazi. Katika chuma cha kawaida, sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na yale mabaki yanayojikunja, ambayo hapa nitayaita maranda kama waitavyo maseremala. Aloi ya titani hupitisha joto kwa kiwango cha takriban moja ya saba ya chuma cha kawaida. Joto, basi, halina pa kukimbilia. Linabaki ncha ya kisu, nacho kisu kinaungua.

Ya pili ni nguvu. Metali nyingi hulainika zikipata joto, na ulainifu huo humsaidia mkerezaji. Aloi za titani hubaki na nguvu yake hata kwenye joto kali, na ndiyo maana watengenezaji wa injini za ndege wanazipenda. Sifa inayomfaa rubani inamtesa fundi.

Ya tatu ni uhusiano wa kikemia. Titani ikiwa na joto jingi hupenda kushikamana na kitu kinachoigusa. Hujibandika kwenye makali, kisha inapobanduka hunyofoa chembe za kisu chenyewe. Isitoshe, maranda yake hayatoki laini. Hutoka yakiwa na meno kama ya msumeno, na kila jino ni pigo dogo juu ya makali.

Ya nne ni kubonyea. Titani ikisukumwa hubonyea takriban mara mbili ya chuma, kisha hurudi mahali pake. Kisu kinapofika, kazi hujitenga. Kisu kinapopita, kazi hurudi na kukisugua ubavuni. Ndiyo sababu kazi ya titani hubanwa kwa nguvu, na kisu hakiachwi kichomoze mbali na kishikio chake.

'Punguza spidi'

Sasa tuingie karakanani. Fundi mkuu anasikia mlio usiofaa, anaona moshi, anapaza sauti: "Wewe kijana, punguza spidi!" Kijana apunguze nini?

Kwenye mashine ya kukereza, kazi huzunguka na kisu husogea taratibu kando yake. Kuna mambo manne yanayoweza kubadilishwa au kupimwa, na matatu kati yake mafundi wetu huyaita spidi. Spidi ya kwanza ni idadi ya mizunguko kwa dakika, ile inayoteuliwa kwa gia. Spidi ya pili ni kasi ambayo uso wa metali unapita mbele ya makali, nayo hupimwa kwa mita kwa dakika. Spidi ya tatu ni umbali ambao kisu kinasogea kila kazi inapomaliza mzunguko mmoja, na hupimwa kwa sehemu za milimita. Jambo la nne ni kina cha mkato, yaani kisu kimezama kiasi gani. Hilo la nne, nashukuru, mafundi hawaliiti spidi.

Wapo watakaosema mzunguko na kasi ni kitu kimoja. Tupige hesabu. Chukua nondo ya kipenyo cha milimita 50 inayozunguka mara 400 kwa dakika. Mzingo wake ni milimita 157, kwa hiyo uso wake hupita mbele ya kisu kwa karibu mita 63 kwa dakika. Hicho ni kiwango cha kawaida cha kukerezea aloi ya titani kwa kisu cha kabaidi. Sasa weka nondo ya milimita 100 bila kugusa gia. Mizunguko ni ileile 400, lakini kasi imekuwa karibu mita 126 kwa dakika. Fundi ataapa kuwa hakubadilisha spidi, na atakuwa anasema kweli. Kisu chake kitakuwa kimekufa hata hivyo.

Kifo hicho kina hesabu yake. Mwaka 1907, Mmarekani Frederick Winslow Taylor alichapisha matokeo ya majaribio ya ukataji wa metali aliyoyafanya kwa zaidi ya miaka 25. Alionyesha kuwa maisha ya kisu hayapungui kwa uwiano wa moja kwa moja na kasi, bali huporomoka. Kwa kipeo ambacho hutumiwa mara nyingi kwa visu vya kabaidi, yaani 0.25, ukiongeza kasi maradufu, maisha ya kisu hugawanywa kwa 16. Kisu ambacho kingedumu saa nzima hakifikishi dakika nne. Kuongeza mwendo wa kisu pia kunapunguza maisha yake, ila si kwa ukali huo. Kuongeza kina kunapunguza kidogo zaidi. Kwa hiyo fundi wa titani anayetaka kuondoa metali nyingi bila kuua visu huanza kwa kushusha kasi, kisha huongeza kina, na mwendo wa kisu huuacha wa wastani usioyumba.

Hapa ndipo agizo la 'punguza spidi' linapogeuka mtego. Kijana akipunguza mizunguko, amefanya jambo sahihi. Akipunguza mwendo wa kisu, tuseme kutoka milimita 0.2 hadi 0.02 kwa mzunguko, ameharibu. Makali ya kisu, hata yawe mapya, yana uduara mdogo kwenye ncha yake. Kipande kinachokatwa kikiwa chembamba kama uduara huo, kisu hakikati tena. Kinasugua. Kusugua huzalisha joto bila kuondoa kitu, na tumeshaona kuwa joto la titani halina pa kwenda. Kijana amemtii mkubwa wake, amepunguza spidi, na moshi umezidi.

Waswahili husema polepole ndiyo mwendo. Kwa mzunguko wa titani, methali hiyo ni sheria. Kwa mwendo wa kisu, ni hatari.

Kitengela na Loitokitok wanalijua hili

Sitaki msomaji afikiri nazungumzia viwanda vya ndege vya Ulaya pekee. Titani ni nadra katika karakana zetu, lakini inaye binamu tunayekutana naye kila siku: chuma kisichoshika kutu, kile ambacho majirani zetu wa Tanzania hukiita chuma cha pua. Aina yake inayotumika sana hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, na ina tabia ya kukakamaa pale inaposuguliwa.

Nenda kwa wachomeleaji wa mageti Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Kijana anataka kutoboa bomba linalong'aa la kushikia ngazi. Anawasha drili kwa mzunguko wa juu kabisa na kuigusisha kidogo kidogo, kwa huruma. Biti inalia, uso unang'aa kama kioo, na tundu haliingii. Anabadilisha biti, nayo ya pili inaungua. Kisha anakuja mzee mmoja, anapunguza mzunguko, anatia mafuta, anaegemea drili kwa uzito wake wote, na tundu linapatikana. Mzee yule anazijua kanuni za ukerezaji wa titani bila kuwahi kuiona titani: mzunguko wa chini, msukumo thabiti, makali yasisugue. Kinachokosekana ni jina. Ukimuuliza amefanya nini atakwambia, "Nimeipeleka na akili."

Vivyo hivyo Loitokitok. Wakulima wa nyanya na vitunguu wa upande wa Kimana hutegemea pampu za maji, na shafti za pampu nyingi ni za chuma kisichoshika kutu. Shafti ikiliwa, huletwa kwa fundi ili ijazwe na kukerezwa upya. Mji ule uko chini ya Kilimanjaro, mpakani. Mteja huyu Mmaasai, yule Mkikuyu, fundi Mkamba, msaidizi wake ametoka Rombo ng'ambo ya mpaka. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Mwongozo wa mashine, kama upo, ni wa Kiingereza. Mtihani aliofanya kijana chuoni ulikuwa wa Kiingereza. Maagizo anayopewa mbele ya mashine inayozunguka ni ya Kiswahili. Ujuzi unavuka mpaka wa lugha kila asubuhi, na kila unapovuka, kitu fulani huanguka njiani.

Maji na moto

Hali nyingine ya ukataji inayohitaji maneno makini ni upoozaji. Titani yaweza kukatwa kavu, yaweza kukatwa kwa maji ya kupoozea yanayomiminwa kwa wingi, au kwa mchirizi wenye shinikizo kubwa unaolengwa pale pale makali yanapouma. Njia hii ya tatu ndiyo bora kwa kazi za haraka, kwa kuwa maji hupenya chini ya maranda na kuyavunja. Njia mbaya ni ile ya chupa iliyotobolewa kizibo, tone sasa, tone baadaye. Kisu cha kabaidi kikipata moto na baridi kwa zamu hupasuka nyufa. Ama kimwagiwe mfululizo, ama kikae kikavu.

Lakini maji yaleyale yaweza kuua. Maranda membamba na unga wa titani hushika moto, na moto huo ni mkali mno. Mazoea yetu ni kuuendea moto na ndoo. Titani inayowaka ikimwagiwa maji huyavunja na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Dawa yake ni mchanga mkavu au kizimamoto maalumu cha metali. Tazama basi hatari ya neno 'maji' likitumiwa kwa kitu kinachookoa kisu na kwa kitu kinachoweza kulipua karakana. Ndiyo maana naona heri tuseme 'kipoozi' kwa kile cha kwenye mashine, na 'maji' tuyaache yawe maji.

Majina manne

Je, nini kifanyike? Pendekezo langu ni dogo. Tuyaite mambo haya kwa majina manne yasiyogongana: mzunguko, kasi, hatua na kina. Mzunguko ni idadi kwa dakika. Kasi ni mita kwa dakika. Hatua ni umbali wa kisu kwa kila mzunguko. Kina ni kuzama kwa kisu.

Nimechagua 'hatua' badala ya 'ulishaji', ambalo nimeliona likipendekezwa na baadhi ya wafasiri. Ulishaji umetafsiriwa kisisisi kutoka Kiingereza, na kwa Mswahili hauleti picha yoyote ya kisu kinachotembea. Unaleta picha ya ng'ombe na majani. Hatua inaleta picha iliyo sahihi kabisa: kazi inazunguka mara moja, kisu kinapiga hatua moja. Hata kijana asiyejua hesabu ataelewa ukimwambia, "Shusha mzunguko, hatua iache." Maneno manne tu, na kisu kimepona.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mafundi wanaelewana kwa Sheng na Kiingereza chao. Kwa nini profesa awasumbue? Kwanza, sina ugomvi na maneno ya kukopa. Ledhi, shafti, drili na biti ni maneno yetu sasa, kama yalivyo shati na baiskeli, na kila moja lina kitu kimoja linachokitaja. 'Spidi' nayo ningeipokea kwa mikono miwili kama ingetaja kitu kimoja. Kosa lake si kwamba ni ya kigeni. Kosa lake ni kwamba inataja vitu vitatu, na kimojawapo huhitaji kufanyiwa kinyume cha viwili vingine. Pili, fundi mzee aweza kufidia upungufu wa neno kwa mkono wake. Humshika kijana kiwiko na kumwonyesha. Lakini fundi mmoja ana viwiko vya wangapi? Ujuzi usio na jina hufa na mwenyewe, au huchukua miaka kumi kufundishika pale ambapo ungefundishwa kwa wiki mbili.

Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tumeuelekeza urasmi huo zaidi kwenye hotuba na matangazo. Upo urasmi mwingine usiohitaji sheria wala sherehe: karatasi moja ukutani karibu na mashine, yenye safu nne zilizoandikwa mzunguko, kasi, hatua na kina, na mistari ya chuma cha kawaida, chuma kisichoshika kutu, alumini na titani. Mwalimu wa chuo cha ufundi aweza kuiandika kwa mkono Jumatatu asubuhi. Mchanga wa Kwale umeshakwenda. Siku metali yake itakaporudi ikiwa nondo mbele ya kijana wa Kajiado, naomba imkute anajua cha kushusha na cha kuacha.